Neno la Ondoleo na Hakika ya Msamaha

Mchungaji yeyote aliyehudumu usharikani kwa miaka michache amekwisha kukutana na Mkristo wa namna hii. Amebatizwa, amepata Kipaimara, hushiriki Chakula cha Bwana, na dhambi yake ameiungama mara nyingi. Hata hivyo hurudi na swali lile lile: "Mchungaji, nitajuaje kwamba Mungu amenisamehe kweli?" Wengi wetu huwa tayari kumwuliza kama ametubu kwa moyo wote. Makala hii yakusudia kuonyesha kwamba jibu hilo, ingawa lina sura ya uchaji, laweza kumwongezea mzigo, na kwamba Kanisa letu limekabidhiwa jibu lililo bora zaidi.

Swali hilo lilimtesa Martin Luther baada ya kuingia katika nyumba ya watawa Waaugustino mjini Erfurt mwaka 1505. Aliungama mara kwa mara na kwa kirefu, hata akamchosha Johann von Staupitz, mkuu wake na mwungamishi wake. Shida yake haikuwa uvivu wa kutubu. Alitambua kwamba moyo hauwezi kuzikumbuka dhambi zake zote, wala kupima kama majuto yake yametokana na upendo kwa Mungu au na hofu ya adhabu tu. Ikiwa msamaha wategemea ukamilifu wa toba, hakuna awezaye kuwa na hakika, kwa maana hakuna aijuaye toba yake hadi chini kabisa.

Kwa hiyo mabishano ya wakati ule hayakuhusu vyeti vya msamaha peke yake. Oktoba 1518, Luther alipohojiwa mjini Augsburg na Kadinali Cajetan, mjumbe wa Papa, mojawapo ya mambo mawili makuu yaliyopingwa ni fundisho lake kwamba apokeaye ondoleo yampasa kuamini kwa hakika kuwa amesamehewa. Cajetan hakukana nguvu ya sakramenti. Hoja yake ilikuwa kwamba mtu hawezi kuwa na hakika kama yeye mwenyewe yu katika hali ya kustahili kuipokea. Luther alijibu kwamba imani hulishika neno la Kristo, wala haitegemei ustahili wa mtu. Kulitilia shaka neno hilo ni kumfanya Kristo mwongo.

Fundisho hilo limo katika vitabu vyetu vya imani. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 11, laagiza ondoleo la faragha lidumishwe, lakini haliwalazimishi watu kuhesabu makosa yao yote. Sehemu ya maungamo iliyotiwa katika Katekisimo Ndogo mwaka 1531 humtaka mwungamishi amwulize mtu kama anaamini kwamba msamaha anaotangaziwa ni msamaha wa Mungu mwenyewe. Haimwulizi amelia kiasi gani. Msingi wake ni agizo la Bwana katika Yohana 20:23.

Hapa Afrika Mashariki jambo hili lina uzito wa pekee. Uamsho uliohusishwa na Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika, uliwarudishia Wakristo wengi ungamo la kweli, nasi twamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini pale ushuhuda wa mmoja unapofanywa kipimo cha wote, yule asiyepata machozi, au aliyeanguka tena, hudhani kwamba hakusamehewa. Amani ya moyo ni tunda la msamaha. Si msingi wake. Mtume atukumbusha katika 1 Yohana 3:20 kwamba moyo ukituhukumu, Mungu ni mkuu kuliko moyo.

Je, fundisho hili halifungui mlango wa uzembe? La. Kifungu cha 12 cha Ungamo chafundisha kwamba toba ina majuto na imani, na matendo mema hufuata kama matunda yake. Asiyetaka kuiacha dhambi yake ahubiriwe Sheria. Lakini aliyekwisha kuvunjika moyo akirudishiwa Sheria, twamnyima dawa aliyoijia. Daudi alikiri kwa maneno machache tu, na Nathani akamtangazia papo hapo kwamba Bwana ameiondoa dhambi yake (2 Samweli 12:13).

Basi, mtu huyo ajapo, tumsikilize bila kumchimba, tuitunze siri yake, tumwekee mikono na kumtangazia ondoleo kwa jina la Kristo. Akirudi kesho na shaka ile ile, tumtangazie tena. Nasi watumishi tusijidanganye: mchungaji hawezi kujihubiria ondoleo na kutosheka. Makala ya Smalkald ya mwaka 1537 yahesabu maongezi na faraja ya ndugu kwa ndugu miongoni mwa njia za Injili. Awatangaziaye wengine msamaha amtafute naye ndugu wa kumtangazia.