Kipande cha Toyota ukiwa Isiolo: soma hii kabla hujatuma pesa

Simama stendi ya Isiolo asubuhi moja uhesabu magari: Probox za miraa kutoka Maua, Land Cruiser za kwenda Merti, Hiace za Nanyuki. Karibu zote asili yake ni Japani. Ndiyo maana hatushangai mteja akituuliza: kama hawa watu wanauza magari hivi, mimi nitapataje hisa za Toyota?

Inawezekana. Ila jua kwamba Probox inakuletea pesa ya leo. Hisa ni kipande cha kampuni. Bei yake inapanda na kushuka, na gawio likija huja kidogo kidogo.

Kununua moja kwa moja Tokyo ni kazi. Hisa huko huuzwa kwa mafungu ya 100, na soko hufunguliwa saa tisa usiku kwa saa zetu. Njia ya karibu iko Nairobi: tangu 2025, Soko la Hisa la Nairobi (NSE) lina mfuko wa Satrix MSCI World, uliotoka Afrika Kusini. Ukinunua kipande chake, umegusa kampuni zaidi ya 1,300 za nchi tajiri kwa mpigo mmoja. Lakini fungua kapu uone: kwa kila shilingi 100, kama 70 ziko Marekani, na Japani inapata 5 au 6 hivi. Humo ndimo walimo Toyota, Sony na benki ya Mitsubishi UFJ. (Kama unazingatia halali na haramu, na wengi hapa Isiolo wanazingatia, hiyo benki ni swali la kumpelekea sheikh kabla ya kununua, si baada.)

Shilingi 5 ni kidogo sana? Sisi tunaona zinatosha. Sikia hii: mwisho wa 1989, Nikkei 225, kipimo cha bei za hisa kubwa za Tokyo, kilikaribia 39,000. Machi 2009 kilikuwa chini ya 7,100. Hakikupita tena kile kilele hadi tarehe 22 Februari 2024. Miaka 34! Mtu aliyeweka pesa zote pale akiwa na mtoto mchanga, bei yake ilirudi mtoto akiwa na watoto wake. Na Japani haikuwa imefilisika. Miaka hiyo yote Land Cruiser zilikuwa zinakuja tu.

Wafugaji wetu hawahitaji kufundishwa hili. Hakuna mzee anayeweka mifugo yote ya aina moja kwenye malisho mamoja. Ngamia huku, mbuzi kule, wengine kwa shemeji. Basi hisa za nje ndizo wale mbuzi wa kwa shemeji, siyo boma lenyewe.

Halafu kuna mambo ya shilingi. Januari 2024 dola ilifika karibu Sh160, na baadaye mwaka huohuo ikashuka hadi kama Sh130. Aliyenunua mali ya dola wakati ule alipoteza karibu moja ya tano akihesabu kwa shilingi, hata kama bei ya hisa haikusonga. Yeni nayo ina vituko vyake.

Sisi hatuuzi hisa, tunapitisha pesa tu. Unahitaji dalali mwenye leseni ya CMA akufungulie akaunti ya CDS. Utatoa kitambulisho na PIN ya KRA. Muulize ada zake zote mapema, maana ukinunua ya Sh500 ada inaweza kumeza faida ya miezi mingi. Pesa ya karo au ya dawa usiiguse kabisa.

Siku ya kutuma, tuma kwa paybill ya kampuni, na usome jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuweka namba ya siri. Mtu akikwambia utume kwa namba yake binafsi, au akikuahidi “hisa za Toyota, asilimia 20 kila mwezi”, kata simu. Orodha ya madalali wenye leseni iko kwenye tovuti ya CMA; linganisha jina na lile ulilopewa, herufi kwa herufi.