Polenta Iliyofungwa Minyororo

Akina mama wengi tukisikia chakula cha Kiitaliano tunafikiria tambi tu. Lakini kaskazini mwa Italia, kwa muda mrefu, chakula cha kila siku cha mkulima maskini kilikuwa polenta, yaani unga wa mahindi ya njano uliosongwa kwa maji na chumvi. Ni laini kuliko ugali wetu. Zamani ilipikwa katika chungu cha shaba kilichoning'inia juu ya moto, ikamwagwa juu ya ubao katikati ya meza, na kukatwa kwa uzi.

Mimi ni muuguzi, na polenta niliijua kwanza darasani, katika somo la utapiamlo. Katika karne ya 18 na ya 19, vibarua wa mashamba ya Veneto na Lombardia waliila asubuhi, mchana na jioni, karibu bila kitoweo. Husimuliwa kwamba familia ilitundika samaki mmoja wa chumvi juu ya meza, kila mtu akagusisha tonge lake ili apate ladha! Ngozi ya mikono na shingo ikababuka penye jua, wakaharisha, akili zikachanganyikiwa, wengi wakafa. Mwaka 1771 daktari wa Milano, Francesco Frapolli, aliuita ugonjwa huo pelagra, yaani ngozi inayokwaruza.

Mahindi yana vitamini iitwayo niasini, lakini imefungamana ndani ya punje hata mwili hauwezi kuichukua vizuri. Wenyeji wa Mexico walichemsha mahindi kwa chokaa kabla ya kuyasaga, na chokaa huifungua. Wazungu walichukua mbegu, wakaacha mapishi. Nasi Afrika tulipokea mbegu hizo hizo, bila chokaa.

Ndiyo maana nakipenda chakula cha Lunigiana, upande wa kaskazini wa Toscana, kiitwacho polenta incatenata: polenta iliyofungwa minyororo, kwa jinsi maharage na majani yanavyoshikana na unga. Maharage yana niasini, na protini yake huusaidia mwili kutengeneza nyingine. Wanawake wa huko hawakusoma hayo popote. Walipika kilichokuwa bustanini.

Kwa watu sita, loweka robo kilo ya maharage ya madoadoa usiku kucha. Asubuhi mwaga maji hayo, uyachemshe kwa maji mapya lita 2 pamoja na punje mbili za kitunguu saumu hadi yaive. Supu yake usiimwage. Katakata fungu la sukuma wiki (wao hutumia majani ya jamii hiyo, ya kijani iliyokolea), tia humo na chumvi, chemsha dakika 15. Sasa nyunyiza gramu 300 za unga wa mahindi, mkono mmoja ukinyunyiza, mwingine ukikoroga, la sivyo utapata mabuje. Punguza moto, koroga mara kwa mara dakika 40. Ikikaza, ongeza maji ya moto. Iwe kama uji mzito. Sembe yetu inafaa, ingawa huiva mapema.

Pakua kwenye bakuli, juu yake mafuta ya zeituni na jibini iliyokwaruzwa, kama ipo. Mtoto asipewe unga mtupu kwa kuwa ni laini. Mpondee na maharage.

Itakayobaki iache igande. Kesho yake kata vipande, ukaange kwa mafuta kidogo hadi vipate rangi.