Sotoka na Suala la Kujaribu Dawa kwa Wanyama

Wanafunzi wetu huuliza: je, ni haki kujaribu dawa kwa wanyama? Tuchukue mfano wa sotoka, iliyoangamiza ng'ombe wa Afrika Mashariki, Burundi ikiwemo, katika miaka ya 1890.

Zamani chanjo yake ilitengenezwa kwa kuambukiza mbuzi hai. Karibu mwaka 1960, huko Muguga, Kenya, Walter Plowright na wenzake walikuza virusi katika seli za figo za ndama. Mbuzi wakanusurika, ng'ombe wa majaribio bado walihitajika, kwani chupa haionyeshi kama aliyechanjwa atapona. Mwaka 2011 sotoka ilitangazwa kutokomezwa duniani.

Kwa hiyo, penye njia nyingine mnyama aachwe. Pasipo njia, watumike wachache, bila mateso yanayoepukika. Sarufi yetu humweka katika ngeli ya A-WA pamoja na mtu. Tusimfanye chombo.