Simu ya abti ndiyo mtihani: jinsi HTML ilivyookoa ukurasa wangu wa bei za mbuzi

Hebu nikuulize: tovuti uliyoijenga juzi uliijaribu kwa simu ya nani? Kama ni yako, tena ukiwa kwa WiFi, basi bado hujaijaribu.

Mimi hilo nilifunzwa Soko Ng'ombe, hapa Garissa. Abti wangu, yaani mjomba, huuza mbuzi na mara mojamoja ngamia. Siku ya soko alikuwa akipiga simu zaidi ya kumi akiuliza bei tu. Nikamwambia, tulia, nitakujengea ukurasa wa bei. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa, na nilitaka angalau mtu mmoja nyumbani aone kwamba ile laptopu si ya kuchezea.

Nikaujenga kwa React, kwa sababu kila video niliyotazama ilisema hivyo. Kwa laptopu yangu ulifunguka fyuu! Kwa simu ya abti, nje ya mji, mtandao ukiyumba, ukabaki mweupe. Akangoja. Akapangusa kioo kwa kikoi, akangoja tena, kisha akaitia simu mfukoni. "Wacha nipige tu," akasema. Hakunigombeza, na hiyo ndiyo iliniuma.

Usiilaumu React, kosa lilikuwa langu. Seva yangu ilituma data tupu ya JSON. Simu ikalazimika kwanza kushusha rundo la JavaScript, ilisome, ndipo ichore orodha ya bei. Yaani kazi ya fundi nilimwachia mteja, tena mwenye simu dhaifu na bando la kuhesabu.

Ndipo nikakutana na htmx. Aliyeiunda ni Carson Gross, wa Montana, Marekani. Alianza mwaka 2013 na intercooler.js, kisha mwaka 2020 akatoa htmx. Ni faili moja ya JavaScript, kama kilobaiti 16 ikibanwa. Hoja yake ni rahisi: HTML ya kawaida huruhusu viungo na fomu pekee kuzungumza na seva, na mara nyingi ukurasa wote huanza upya. Kwa nini kitufe au kisanduku chochote kisiweze?

Kwa hivyo unaongeza sifa ndani ya tagi, kama vile unavyoweka href au class. Ona:

<button hx-get="/bei/ngamia" hx-target="#bei">Ngamia</button>
<div id="bei"></div>

Basi. Ukibonyeza, brauza inaiomba seva /bei/ngamia. Faili yangu ya PHP inasoma hifadhidata na kurudisha kipande cha HTML kilichoiva tayari, na htmx inakitia ndani ya #bei. Sehemu nyingine ya ukurasa haiguswi. Unaweza kutumia Django, Laravel, chochote kile, bora kiweze kutoa HTML.

Mambo matatu yaliyonisaidia, nawe yachukue:

Moja, kwenye kisanduku cha kutafuta weka hx-trigger="input changed delay:500ms". Seva itaulizwa tu mtu akitua nusu sekunde, si kwa kila herufi. Bando litakushukuru.

Mbili, usiache kiungo cha kawaida. Weka href pamoja na hx-get, ili JavaScript ikigoma ukurasa bado ufunguke. Ombi la htmx hubeba kichwa kinachoitwa HX-Request. Seva ikikiona itume kipande, isipokiona itume ukurasa mzima.

Tatu, chochote mtumiaji alichoandika kisafishe kabla ya kukirudisha kwenye HTML. La sivyo, mjanja mmoja atapenyeza msimbo wake kwenye simu za wenzake.

Sasa usinielewe vibaya. Kila ukibonyeza unahitaji mtandao, kwa hivyo pale laini inapokufa kabisa, htmx nayo inalala. Ukitaka programu ya kuchora, mchezo, au kitu cha kufanya kazi bila intaneti, JavaScript ya kutosha utaihitaji tu. Lakini orodha ya bei, fomu ya usajili, oda za duka? Hizo seva inaziweza vizuri sana.

Na kama wewe pia uliacha chuo ukaambiwa bila kumeza zana kumi huwezi kuitwa fundi, anza na HTML unayoijua na lugha moja ya seva. Jenga kitu kidogo wikendi hii, kisha kipeleke kwa simu nzee kuliko zote hapo nyumbani.

Abti bado hupiga simu siku ya soko. Siku hizi ni mbili tu: moja ya kupatana, nyingine ya kutafuta lori.