Hewa ya Ukaa Ikizikwa Ardhini, Ni Nani Mdhamini?

Hewa ya ukaa, ile tuitoayo kwa kila pumzi na ifukayo katika kila moto wa makaa, haina rangi wala harufu, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa tuivutayo, hutuama mabondeni na mashimoni ikaifukuza oksijeni pasipo mtu kutambua. Mchimbaji wa dhahabu wa Salamabila, wilayani Kabambare, jimboni Maniema, ashukapo katika shimo refu lisilopitisha upepo, aweza kwanza kuumwa kichwa na moyo kumwenda mbio, kisha miguu ikamlegea kabla hajawahi kuita. Na mwenzake akimfuata upesi ili amwokoe, bila kamba wala hewa safi ya kupulizwa ndani, naye huhatarisha roho yake vivyo hivyo.

Wenzetu wa Goma na Sake, ambao Maniema ilikuwa nao katika jimbo moja la Kivu hadi mwaka 1988, huiita mazuku, nayo hufuka katika mipasuko ya mawe ya volkano. Katika hewa ya kawaida imo kiasi cha sehemu 4 tu kwa 10,000. Ikifika sehemu 10 kwa 100, mtu huzimia kwa muda wa dakika chache. Huko Kamerun, usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, ziwa Nyos liliitapika kwa ghafula, wakafa watu wapatao 1,700.

Hewa hiyohiyo, kwa kuwa ndiyo iongezayo joto la dunia, mataifa yenye viwanda yameazimia kuizika: huikamata katika mabomba ya moshi, yakaisukuma chini kupita mita 800, ambako mgandamizo huifanya nzito mfano wa kimiminika, na juu yake pana mwamba usiopenyeka. Norway yafanya hivyo chini ya bahari, huko Sleipner, tangu 1996. Elimu hiyo ni ya kweli, wala siipingi. Ila bomba la hewa hiyo lilipopasuka karibu na Satartia, jimboni Mississippi, Februari 2020, watu wapatao 45 walipelekwa hospitali.

Hivyo jambo kubwa ni dhamana. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2009 humbakisha mwenye kisima na dhima kwa kawaida miaka isiyopungua 20 baada ya kukifunga, ndipo dola iipokee. Marekani, ambako baadhi ya majimbo, North Dakota likiwa la kwanza mwaka 2018, yamekabidhiwa mamlaka ya kutoa leseni, kanuni ya taifa hutaka uangalizi wa miaka 50, pasipo kuthibitika kwamba muda mfupi zaidi watosha. Kwetu Kongo, Katiba ya 2006, kifungu cha 9, yaiweka ardhi na vilivyo chini yake katika enzi ya Dola. Kifungu cha 54 chaamuru kwamba uharibifu utokanao na shughuli za uchumi ulipiwe fidia. Na sheria ya mazingira ya Julai 2011 yataka athari zichunguzwe na wananchi wasikizwe kabla ya kazi kuanza. Hata mipakani tunao mfano: katika Ziwa Kivu, lenye kilomita za ujazo zipatazo 300 za hewa ya ukaa vilindini, wataalamu wa Kongo na Rwanda walishirikiana na wenzao wa nje kutunga, mwaka 2009, masharti ya kuvuna gesi nyingine iliyomo humo pasipo kuzivuruga tabaka za maji.

Lakini enzi ya Dola i Kinshasa, ilhali mapafu yatakayoivuta hewa iliyovuja ni ya watu wa kijijini. Kwa hiyo nawaomba wabunge wa jimbo walioko Kindu, na masultani wa Kasongo na Kabambare, kampuni yoyote ijapo na ramani ya kutoboa ardhi kwa ajili ya kuzika hewa, wasitie sahihi kabla haijaandikwa, kwa lugha ambayo mwanakijiji aielewa, ni nani atakayekipima kisima hicho kampuni ikisha kuondoka, na fedha za kumlipa zimewekwa wapi.