Mpangaji wa Moshi na Mpangaji wa Kibosho (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu iliyotangulia tulieleza jinsi sheria ya kudhibiti kodi za pango ya mwaka 1984, iliyompa mpangaji mahali pa kushtakia anapotozwa kupita kiasi, ilivyofutwa mwaka 2005. Na tangu hapo mpangaji wa Tanzania Bara hutegemea mkataba wake na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999. Leo yatupasa kuuliza: je, kinga hiyo iliyosalia humfikia kila mpangaji kwa namna moja?

La, hasha. Mtu akishuka kutoka Kibosho, mlimani Kilimanjaro, hadi Moshi mjini amekwisha kutoka katika hukumu ya sheria moja na kuingia katika nyingine. Chumba cha mjini, madhali kiwanja chake kimepimwa na kina hati, huongozwa na Sheria ya Ardhi, ambayo humdhaminia mpangaji utulivu ndani ya nyumba maadamu analipa kodi na kutimiza masharti, hata kama neno hilo halikuandikwa mkatabani. Lakini nyumba iliyojengwa kihambani, yaani katika shamba la ukoo, baina ya migomba na mibuni, aghalabu husimama juu ya ardhi ya kijiji, ambako hutawala Sheria ya Ardhi ya Vijiji, mila za mahali, na mamlaka ya halmashauri ya kijiji. Mwalimu au muuguzi mgeni aliyepanga huko hudhani amepatana na mtu mmoja, kumbe nyuma ya mtu huyo uko ukoo mzima, ambao kwa desturi ya Wachagga huhesabu kihamba kuwa amana ya vizazi. Na mwenye nyumba akifariki, ndugu wanaweza kudai kwamba hawakushauriwa. Hatari hiyo naiona kubwa kuliko ya kupandishiwa kodi.

Na kuhusu kodi yenyewe, jirani zetu wa Uganda, kwa sheria yao ya mwaka 2022, wamezuia nyongeza ya kodi isizidi asilimia 10 kwa mwaka. Zanzibar nayo ina sheria zake, kwani ardhi si jambo la Muungano. Sisi wa Bara, miaka yote hii tangu 2005, hatujapata badala ya tulichokifuta, na hilo si insafu.

Basi ewe msomaji uliyepanga huko mlimani, usitoe kodi ya mwaka mzima kwa maneno matupu. Dai mkataba ulioandikwa, wenye muda wa notisi, na utiwe saini mbele ya mtendaji wa kijiji na wakubwa wa ukoo.