Moto inakatala kuwaka na baridi: usikimbilie kununua karbirateri

Mwezi wa sita na mwezi wa saba, mu Kasungami, saa kumi na moja ya asubui, kelele ya kwanza haiko ya jogoo. Iko ya kiki. Manseba anapiga kiki mara tano, mara kumi, motere inakohoa, inazima. Anapumzika, anavua kabuti, anaanza tena. Jirani analalamika ku dirisha. Wakati ule, mama wa soko aliyemuomba tangu jana amupeleke mu ville ameisha panda moto ya mwingine. (Tunasema hapa moto ya kupanda, hapana moto ya makala.)

Kwa mutu asiyeishi na kazi hii, inaonekana jambo ndogo. Lakini bamanseba wengi hawaendeshe moto yao wenyewe. Moto ni ya patro, na magaribi versema lazima ifike, moto iwake ao isiwake. Masaa ya asubui njo yenye faida: batu wa kazi, banafunzi, bamama wenye kufuata bilo. Ukiyapoteza, siku yote unatumikia paka versema, na nyumba inangojea.

Kiisha unaenda ku garaji. Mekanisie anasikiliza kidogo, anatikisa kichwa: "Karbirateri ilikufa." Unatafuta dolare, unanunua mpya, wiki mbili zinapita, ugonjwa ni ule ule. Tuseme wazi: karbirateri kufa kabisa ni nadra. Mara nyingi iko na uchafu ndani, ao iko muzima na kintu kingine njo kinagonjwa.

Baridi yenyewe iko na sehemu yake. Lubumbashi iko ku urefu wa karibu metre 1.200 juu ya bahari, na asubui za mwezi wa sita na wa saba joto inaweza kushuka chini ya degre 10. Esansi haiwake ikiwa maji-maji. Inawaka nyuma ya kugeuka mvuke na kuchanganyika na hewa. Na baridi, mvuke inakuwa kidogo. Njo kazi ya sitarteri, ile kimukono kidogo ku karbirateri: inaongeza esansi mu hewa kwa muda mufupi. Vuta yote, usiguse gazi, piga kiki. Ikiwaka, ngojea nusu dakika ao dakika moja, rudisha nusu, halafu rudisha yote. Wengi wanafanya kinyume: wanavuta sitarteri na kufungula gazi pamoja, hewa inaingia mingi, na faida ya sitarteri inapotea. Wengine wanaisahau, wanatembea nayo siku muzima, moshi mweusi nyuma, na magaribi wanashangaa moto inakunywa sana.

Ukisikia harufu ya esansi na motere haiwake, imezama. Rudisha sitarteri, fungula gazi mpaka mwisho, piga kiki mara kadhaa mpaka ikauke. Usiongeze esansi juu ya esansi.

Sasa tufike ku visi ya ralanti, juu ile njo inaleta hasara mingi. Moto ikizima-zima pa rond-point, kila mutu mwenye turnevisi anaikaza kidogo ili motere izunguke mbio. Haizime tena, kila mutu anafurahi. Lakini ugonjwa haukuondoka, ulifichwa. Motere ya 125 ya kawaida inapaswa kuzunguka karibu mara 1.400 kwa dakika ikiwa imesimama na joto. Ukiipandisha sana, ukiachilia gazi moto inaendelea kusukuma. Mu mchanga wa Kasungami, na mama nyuma mwenye mutoto mu mugongo, hii si mambo ya kucheka. Zaidi ya ile, esansi inaisha mbio na vitesi vinaingia na kishindo. Kwa hiyo, moto ikishuka ralanti, mbele ya kugusa visi ujiulize nini iliishusha.

Anza na kintu cha bei ndogo: esansi. Tunanunua mingi mu chupa pembeni ya barabara, na si kila chupa ni safi. Mimina kidogo mu chupa nyeupe, iweke chini dakika 10. Maji ni mazito kuliko esansi, yatashuka na utaona mustari. Ukishuku walichanganya na petroli ya taa, weka matone mbili ku karatasi nyeupe, mbali na sigara na makala: esansi safi inakauka bila kuacha alama kubwa, petroli inaacha doa ya mafuta. Mutu anaweza kusema "mbona saa sita inawaka vizuri?" Ni kweli, juu jua ilisha pasha motere. Petroli inageuka mvuke kwa shida, na baridi ya saa kumi na moja njo inaitoa mu maficho. Angalia pia kifuniko ya rezervwari: kama katundu kake ka hewa kaliziba na vumbi, moto inatembea vizuri, inazima katikati ya njia, inawaka tena nyuma ya kungoja. Fungula kifuniko, ukisikia "fyuu" ya hewa inaingia, umeisha pata.

Nyuma ya esansi, bujie. Itoe, iangalie mbele ya kuipanguza, juu iko na habari. Rangi ya kahawa ya maziwa ni afya. Nyeusi na kavu kama makala: esansi ni mingi, ao filtre imeziba, ao sitarteri ilibakia wazi. Nyeusi na majimaji ya mafuta: hapo segima ao supape zinapitisha huile, na karbirateri haina kosa. Nyeupe sana: hewa ni mingi kuliko esansi. Nafasi ya kati ya ncha mbili iko karibu 0,7 mm kwa moto nyingi zetu. Ukitaka kuona cheche, gusisha bujie ku chuma ya motere, lakini mbali na tundu yake na mbali na karbirateri, juu mvuke ya esansi ikitoka pale inaweza kukuunguza. Cheche nzuri ni ya bluu na inalia. Ya njano na zaifu, badilisha bujie mbele, na si ile ya bongo yenye jina kubwa ku boite.

Kama esansi na bujie ni bizuri, jiulize moto inafanya nini sawasawa. Kuna alama moja ambayo kila manseba angepaswa kujua: moto inawaka paka na sitarteri, ukirudisha sitarteri inakufa, lakini ukiisha kupata mwendo inavuta vizuri kabisa. Ile ni gikleri ndogo ya ralanti imeziba. Ile kubwa, yenye kulisha motere mu mwendo, iko muzima. Hapo kununua karbirateri ni kutupa feza. Tundu ya gikleri hii ndogo iko ya karibu 0,4 mm, na vumbi ya kiangazi ao takataka ya bido inatosha kuifunga.

Kuisafisha si saa nzima. Funga robine ya esansi, mwaga ile yenye kubakia mu kikombe ya chini, toa gikleri, itie mu esansi safi, puliza na kompreseri ya kwadake. Iangalie ku jua: unapaswa kuona mwangaza duara. Usitie waya ya chuma, ata mwembamba namna gani! Shaba ya gikleri ni laini. Tundu ikiongezeka kidogo tu, moto itakunywa esansi mpaka siku utaibadilisha. Unyuzi moja wa plastiki wa brosi unatosha. Nilisha ona bamekanisie wazuri, wenye mikono, wakiharibu gikleri na waya ya kable ya frein, na kiisha kusema karbirateri ilizeeka.

Ukirudisha, iko visi ya pili, ya muchanganyiko wa hewa na esansi. Ifunge polepole mpaka mwisho bila kukaza, halafu ifungule muzunguko moja na nusu mpaka mbili. Washa motere, iache ipate joto dakika kadhaa, geuza ile visi kidogo-kidogo pa kutafuta fasi motere inazunguka vizuri zaidi. Sasa njo wakati wa kugusa ralanti, na mara nyingi utaishusha, hautaipandisha.

Ralanti ikipanda na kushuka yenyewe, ao ikikawia kushuka ukiachilia gazi, tafuta hewa ya wizi. Mupira wa kati ya karbirateri na motere unapasuka na joto na kiangazi. Pakaa maji ya sabuni pale motere ikiwaka: sauti ikibadilika, kuna pasuko. Usitumie esansi kwa kupima, motere ni ya joto.

Filtre ya hewa nayo. Kuna wenye kuitoa kabisa "ili moto ipumue". Na vumbi yetu, ni kumimina mchanga mu silindri. Ya sifongo, ifule na sabuni, ikauke, uipakae huile kidogo. Ya karatasi, puliza toka ndani kwenda inje.

Inabakia supape, na hapa mazoea yetu ni mabaya. Moto nyingi za Chine tunazopanda ziko na motere yenye kuiga Honda CG125 ya mwaka 1976, motere ngumu sana, lakini supape zake zinaomba kuangaliwa. Zikilia "taka-taka", mwenye moto anakasirika, mekanisie anakaza mpaka kimya. Supape yenye kulia kidogo haina hatari kubwa; ile iliyokazwa mpaka kunyamaza haifunge tena vizuri, nguvu ya motere inavuja, ralanti inashuka, kiki inakuwa nyepesi na moto haiwake, zaidi ikiisha kupata joto. Kwa muda, supape inaungua. Nafasi ni kati ya 0,05 na 0,1 mm kufuatana na moto, na inapimwa na kale, haipimwe na sikio. Inapimwa motere ikiwa baridi kabisa, pistoni juu, supape zote mbili zimefungwa. Kwa hiyo usipeleke moto ku garaji saa sita nyuma ya kutembea kutwa. Iache kule magaribi, ilale, na asubui mekanisie afungule mbele ya mutu yeyote kupiga kiki.